Kamera Isiyotuma Picha

Bi Sabiha aliingia uani bila kupiga hodi, na viatu vyake hakuvivua. Ghaliya alikuwa amekaa mkekani, kamera ya babu yake ameifungua mgongo mapajani, akiipuliza vumbi kwa ule mpira mdogo ambao akina mama huvutia kamasi za watoto wachanga. Alipoinua macho akamwona mgeni, aliifunga kamera haraka na kusimama.

"Shikamoo, Bi Sabiha."

Bi Sabiha hakuitikia. Aliitazama kamera, akautazama mlango wa chumba cha uani, akairudia kamera.

"Picha ya Ghadir imetokaje humu ndani?"

"Picha gani, Bi Sabiha?"

"Usiniulize picha gani. Mwanangu yuko kichwa wazi, nywele mgongoni, mabega nje, na anazunguka kwenye simu za wanaume mji mzima. Kijana anayeniletea samaki leo kaniangalia usoni akacheka."

Ghaliya alitafuta neno la kusema asilipate. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mtu akimkazia macho, maneno yalimrudi tumboni. Ndiyo maana aliipenda ile kamera. Ukiweka jicho kwenye kidirisha chake, watu husahau kukutazama wewe, wakajitazama wenyewe.

Kwenye shughuli ya harusi ya Ghadir, ya wanawake watupu, nyumbani kwa Bi Sabiha, simu zote zilikusanywa mlangoni zikatiwa kapuni, na somo, yule mama aliyemfunda biharusi, akaliweka kapu chini ya kiti chake akakaa. Hakuna aliyepita na simu, hata shangazi aliyetoka Muscat. Aliyepita na kitu cha kupigia picha ni Ghaliya peke yake, kwa kuwa kitu chake kilikuwa cha filamu. Wanawake wa mtaa wao wa Ngamiani waliiita kamera isiyotuma picha. Ghaliya alipiga, akaenda kuosha filamu mwenyewe bafuni kwao, upenyo wa mlango ameuziba kwa kanga, akazisafisha picha kwenye karatasi, kisha picha na filamu zake zote akamkabidhi mama wa biharusi mkononi. Kwake hakubaki hata kipande. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na kwa desturi hiyo alifunguliwa milango ambayo wapiga picha wengine waliisikia tu kwa mbali.

"Filamu zote nilikukabidhi," alisema Ghaliya. "Na picha zote."

"Kabla hujanikabidhi zilikuwa wapi?"

"Nilizitundika chumbani, zikauke."

"Na kaka yako Qais chumba chake kiko wapi?"

Macho ya Ghaliya yalikwenda mlango wa pili. Chumba cha Qais kilikuwa ubavuni mwa chake, na Qais alikuwa fundi simu.

"Hilo ndilo nililotaka kujua," alisema Bi Sabiha.

"Naomba niione hiyo picha, Bi Sabiha. Niione mara moja tu."

Bi Sabiha alimtazama kama mtu aliyeombwa mate. "Uione tena? Hukushiba?" Aliuvuta mtandio wake. "Na shughuli ya Ijumaa, ya mpwa wangu, usijisumbue. Tutatafuta mtu."

Alipogeuka kuondoka, ng'ambo ya ukuta ufagio wa jirani yao, Bi Turkiya, ulikuwa umenyamaza kitambo.

*

"Nani huyo aliyeondoka bila kwaheri?" aliuliza Babu Marhun kutoka kitandani.

"Bi Sabiha, Babu."

"Picha hazikumpendeza?"

Ghaliya alimweleza, akikatakata maneno. Mzee alisikiliza huku vidole vyake vikipapasa ukingo wa shuka. Alikuwa mpiga picha maisha yake yote, na sasa macho yalikuwa yakimwacha. Kuona mtu wa mlangoni hakuweza tena, lakini kitu akikisogeza karibu na pua aliona bado.

"Kamera umeifunika?" aliuliza baadaye.

"Nimeifunika."

Lilikuwa swali lake la kila siku. Kamera ile ilikuwa na kidirisha chake cha kuchungulia, mbali na lenzi. Ndani ya kidirisha ulimwona mtu mara mbili, mmoja hafifu pembeni ya mwenzake, ukazungusha pete ya lenzi polepole mpaka wale wawili wakakaa mahali pamoja. Hapo ndipo unapobofya. Lakini kwa kuwa jicho halikupita kwenye lenzi, ungeweza kusahau kifuniko chake ukapiga shughuli nzima, na filamu ikatoka tupu. Na kusahau kukirudisha kulikuwa na hasara yake. Mwaka uliopita Babu aliiacha kamera barazani bila kifuniko, lenzi imeelekea jua. Jua lilikusanyika ndani ya lenzi likaunguza pazia la kitambaa lililo mbele ya filamu, likaacha tundu la kupenya ncha ya sindano. Tangu siku hiyo kila picha ilitoka na doa jeupe kwenye kona ya juu, upande wa kulia. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, Babu alikaa na brashi yenye nywele chache na wino, akaziba doa kwenye kila karatasi.

"Nilikwambia tupake rangi nyeusi hilo tundu," alisema mzee. "Ningekuwa na macho ningelipaka siku ileile."

"Tutapaka, Babu."

"Na ile picha niliyoipita bila kuiziba? Uliona?"

"Niliiona nilipofika. Nikaiziba hukohuko, sebuleni kwa Bi Sabiha."

"Vizuri?"

"Wino uliteleza kidogo."

Hakumwambia kwamba akina mama wote walikuwa wakimtazama mkono, na kwamba mkono ulitetemeka mpaka doa likaota mkia, na kwamba Bi Sabiha alisonya akasema, "Sasa si umeichafua."

*

Qais alirudi jioni na begi lake la vifaa begani. Kama kawaida yake alianza kwa mzaha.

"Mbona hakunukii kitu jikoni? Leo tunafunga?"

"Nipe simu yako," alisema Ghaliya.

"Dada kawa polisi."

"Nipe, Qais."

Aliitoa mfukoni akampa, bado anacheka. Ghaliya hakuwa hodari wa simu, lakini picha hazikuhitaji uhodari. Alisukuma kwa kidole gumba. Spika, vioo vilivyopasuka, bei za betri, kisha Ghadir. Ghadir kichwa wazi, anacheka, mkono wenye hina umekaa shingoni.

Qais aliinyakua simu kabla dada yake hajaiona picha sawasawa. Alibofya mara mbili, ikatoweka.

"Hii si ya kutazamwa," alisema, na sasa hakuwa akicheka.

"Kwa nini umeifuta?"

"Kwa kuwa nimeikuta kwenye kundi la mafundi, kama walivyoikuta watu wote. Ulitaka niitundike ukutani?"

"Bi Sabiha alikuwa hapa. Anasema imetoka kwetu."

"Mwache aseme."

"Filamu zilikuwa zimening'inia hapo, Qais. Mlango haufungi. Wewe ndiye unayejua kuigeuza filamu kwenye simu ikawa picha. Ulinionyesha mwenyewe, kwa picha ya Babu."

"Nilikuonyesha kwa sababu uliniuliza."

"Nani mwingine anajua hapa?"

"Kwa hiyo nimekuwa mimi."

Alilisema kwa utulivu, na utulivu ule ndio uliompandisha Ghaliya hasira. Alimwona kama mtu aliyejitayarisha. Sauti ya Ghaliya, ambayo haikuwahi kuvuka jiko, ilitoka yote kwa mkupuo.

"Ni wewe. Ni wewe, Qais. Umeichukua ilipokuwa inakauka, umewatumia wenzako, na mimi ndiye ninayefungiwa milango."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikohoa. Qais aligeukia upande ule, kisha akamrudia dada yake.

"Umemaliza?"

Ghaliya alianza kukusanya vyombo.

"Haya," alisema Qais, akaenda chumbani kwake.

*

Dorkasi alikuwa akikaanga vitumbua kwenye kona ya mtaa wao. Baba yake aliletwa kutoka milimani kukata mkonge, na yeye akabaki mjini na kikaango chake. Kila Jumapili aliimba kwaya kanisani kwao, na siku nyingine alijua habari za Ngamiani kabla ya wenyewe.

"Wee Ghaliya, kumbe hujafa," alisema. "Sijakuona tangu hayo yaanze. Chukua vya moto."

"Ahsante, dada."

"Fundi kaenda wapi? Meza yake iko tupu."

"Kaenda Moa kwa mjomba."

"Kutembea?"

"Sijui kama atarudi."

Dorkasi aligeuza kitumbua kwa kijiti. "Ningekuwa yeye nisingerudi. Ulikuwepo wewe? Watu walikuja mmoja mmoja kuchukua simu zao, hata ambazo hazijatengenezwa. Mama mmoja kaichukua yake imefunguliwa, vipande ndani ya mfuko wa plastiki. Nani atampa simu yake fundi anayetoa picha za watu? Mimi nilimwachia yangu siku mbili zaidi, kwa makusudi. Nikamwambia, Qais, ndani mna nyimbo za kwaya tu, ukizitoa nitakushukuru."

Ghaliya alitaka kutabasamu, midomo haikumtii. "Wamesikia wapi kwamba ni yeye?"

"Kwa Turkiya. Anasema wewe mwenyewe ulimtaja, uani kwenu. Anasema, kama dada mtu kasema, sisi ni nani tubishe?"

Ghaliya aliishika karatasi ya vitumbua mpaka mafuta yakamchuruzika mkononi.

"Dada Dorkasi. Hiyo picha unayo?"

"Ninayo. Imeniingia tu, na kufuta sijui. Nilikuwa namngoja huyohuyo fundi anifutie." Alifuta mkono kwenye kanga, akatoa simu. "Unataka kuiona ya nini?"

Swali lilelile. Alipomwomba Bi Sabiha, alionekana mchafu. Alipowaomba wanawake wawili wa mtaani, walishusha mitandio usoni wakapita. Safari hii alijibu.

"Nataka kuona kona."

Dorkasi alimtazama kidogo, kisha akampa.

Ghaliya hakuutazama uso wa Ghadir. Alikwenda moja kwa moja juu kulia, akaikuza picha kwa vidole viwili kama Qais alivyomfundisha. Kama picha ilipigwa kutoka kwenye filamu iliyotundikwa chumbani kwake, pale kwenye kona pangekuwa na doa jeupe, la mviringo, safi, kwa kuwa wino haukuigusa filamu kamwe. Doa jeupe halikuwepo. Palikuwa na weusi mdogo uliozidi weusi wa ukuta, na ule weusi ulikuwa na mkia.

Mkia ule aliujua. Aliuchora mwenyewe, sebuleni kwa Bi Sabiha, akina mama wakimtazama mkono.

"Una nini?" aliuliza Dorkasi. "Mbona umekaa chini?"

*

Nyumbani kwa Bi Sabiha kulinukia udi. Ghadir alikuwa kwenye kochi, hina imeanza kufifia vidoleni, miguu ameikunja chini ya kanga. Mumewe, Wael, alikwisharudi Muscat kazini, na yeye alikuwa akingojea viza ya kumfuata.

"Unataka nini tena?" alisema Bi Sabiha.

Ghaliya alikuwa amejifunza maneno yake njiani kama mtoto anavyojifunza shairi la darasani. Aliyasema akitazama zulia.

"Naomba utoe ile picha niliyoichafua mbele yako. Na filamu yake."

Labda ni kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Bi Sabiha alikwenda chumbani akarudi na bahasha. Ghaliya aliinua filamu dirishani, akamwonyesha kidoa cheusi kwenye kona.

"Kwenye filamu ni cheusi. Ukiigeuza inakuwa picha, kinakuwa cheupe. Kwenye filamu hakijazibwa. Kwenye karatasi nilikiziba mimi, hapa ulipokaa, wino ukateleza. Picha iliyoko kwenye simu za watu ina huu mkia wangu. Imepigwa kutoka kwenye karatasi, Bi Sabiha. Na nilipoufanya huu mkia karatasi ilikuwa tayari nyumbani kwako, haikurudi kwetu tena."

Bi Sabiha aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ghaliya alielewa kwamba alikuwa akiitazama ili asilazimike kumtazama mtu mwingine aliyekuwa mle ndani.

"Niliipiga kwa simu, nikampelekea Wael," alisema Ghadir.

Bi Sabiha aliishusha picha.

"Ni mume wangu, mama. Aliniomba. Nilimwambia aitazame aifute."

"Nyamaza."

"Sikujua kama ataonyesha—"

"Nimesema nyamaza, Ghadir."

Binti alijifunika uso kwa kanga. Bi Sabiha alirudisha picha na filamu ndani ya bahasha, akaikalia bahasha, kama somo alivyolikalia kapu la simu.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Usimwambie." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkwe wangu nitamwambia nini, mimi? Mtoto hana hata miezi miwili ndoani. Nimuulize, wewe bwana, umemwonyesha nani mkeo? Ndoa itakuwa wapi?"

"Mimi sikuja kwa ajili ya Wael. Nimekuja kwa ajili ya kaka yangu."

Bi Sabiha alimimina kahawa, akasogeza sahani ya halua mbele ya Ghaliya. Katika mara zote alizowahi kuingia nyumba ile kwa kazi, halua ilipita mbele yake ikielekea kwa wageni.

"Kula, mwanangu. Njoo Ijumaa na kamera yako. Nitawaambia watu mimi mwenyewe kwamba wewe hukuhusika, na kwamba nilikuonea. Huko kwetu hakuna mlango utakaofungwa mbele yako."

"Na Qais?"

"Qais ni mwanamume. Mambo haya kwa mwanamume ni upepo, unapita. Watu wamekwisha kujua ni yeye, na hawakujua kwangu. Mimi nilikuuliza tu. Aliyemtaja ni wewe."

Ghaliya aliitazama halua. Ilikuwa nzuri, ya lozi.

"Na ile shikamoo yako ya siku ile," alisema Bi Sabiha taratibu, "marahaba."

*

Qais alipokea simu baada ya kuita sana. Nyuma yake palisikika jogoo, na mtu aliyekuwa akigonga misumari.

"Babu hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Qais, nimeiona ile picha. Nimeiona vizuri."

"Ehe."

"Siyo wewe."

Misumari iligongwa kidogo.

"Mimi nilikuwa najua," alisema Qais.

"Nisamehe. Rudi."

"Nirudi nimtengenezee nani simu?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, kisha akaaga.

Ghaliya alibaki uani na simu ya Babu mkononi. Kamera ilikuwa tayari ndani ya begi lake, lenzi imefutwa kuvu, filamu mpya imeshikwa vizuri. Alikuwa ameijaribu, kile kirungu cha kurudishia filamu kilizunguka kila aliposogeza filamu, dalili kwamba filamu inatembea. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Angeingia mlangoni akipokewa kwa nyuso za kumkaribisha, angekalishwa karibu na somo, na wanawake wangeambiana kwamba huyu binti ni mwaminifu kabisa, aliyeharibu ni yule kaka yake.

Ng'ambo ya ukuta ufagio ulikuwa ukienda, shwa, shwa. Ghaliya alikivuta kinu, akakipindua, akasimama juu yake. Kichwa chake kiliuzidi ukuta kidogo.

"Bi Turkiya. Shikamoo."

Yule mama aliruka. "Marahaba. We mtoto, unanitokea kama jini."

"Siku ile ulinisikia nikisema ni Qais aliyeitoa picha."

"Mimi sisikilizi ya nyumba za watu."

"Ulinisikia. Basi nisikie na leo. Qais hakuitoa. Nilimsingizia mimi."

Njiani, nje ya uzio wa Bi Turkiya, wanawake wawili wenye ndoo za maji walikuwa wamesimama. Ghaliya aliwaona. Aliona wanamtazama, na maneno yalianza kumrudi tumboni kama kawaida yake. Alishika ukuta kwa mikono miwili, akasema tena, kwa sauti ileile aliyomshtakia kaka yake, au ilizidi.

"Qais hakufanya. Nilisema uongo bila kujua."

Bi Turkiya aliegemea ufagio wake. Macho yalikuwa yamemng'aa.

"Basi ni nani, mwanangu? Maana siyo wewe, siyo kaka yako. Picha haina miguu. Ni nani?"

Wale wenye ndoo walisogea. Akilini Ghaliya alimwona Ghadir na kanga yake usoni. Jina lilikuwa jepesi mdomoni, herufi chache tu, na lingemrudisha Qais kwenye meza yake kesho yake asubuhi.

"Nani, sikumtaja," alisema. "Nimekwambia tu nani siye."

Alishuka kwenye kinu. Ufagio ng'ambo haukuendelea. Baada ya kitambo mlango wa Bi Turkiya ulilia, na ndala zake zikasikika zikienda upesi, upande wa nyumba ya Bi Sabiha. Ghaliya alizisikiliza mpaka zikapotea. Kisha aliingia ndani, akaitoa kamera begini, akaifunga kwenye kitambaa chake na kuirudisha kwenye mkebe wa biskuti, juu ya mchele mkavu uliowekwa kunyonya unyevu.

"Mbona unaihifadhi?" aliuliza Babu. "Si una shughuli Ijumaa?"

"Sina tena, Babu."

Mzee alifikiri. Alikuwa amesikia yote, macho ndiyo yaliyomwacha, masikio yalikuwa mazima.

"Basi tuna nafasi," alisema. "Lete ile rangi nyeusi, tulizibe lile tundu."

Ghaliya alikaa ukingoni mwa kitanda, mkebe mapajani.

"Tuliache, Babu," alisema. "Ndilo shahidi wa Qais."